Hapa Ni Ranchi, Hakuna Mambo ya Ng'ombe

Nimefukuzwa mahali mingi kwa hii maisha. Nimefukuzwa na nyuki, nimefukuzwa na bibi ya ndugu yangu, na mara moja bata wa jirani alinifukuza kutoka kwa choo mpaka barabara ya lami, na kwetu Tetu lami haiko karibu. Lakini sijawahi kuchukiwa na watu wengi kwa wakati mmoja kama ile Jumamosi niliingia baa ya kantri hapo Nyeri mjini. Na shida ni kwamba siku hiyo singeweza kukubali kufukuzwa. Nilikuwa nangoja mtu.

Huyo mtu ni mama mmoja wa Kianyaga. Mjane. Mimi pia bibi yangu alienda, alienda kule watu hawarudi, sasa ni miaka sita. Huyu mama tulijuana kwa matanga huko Murang'a, tukiwa tumekalia benchi moja. Benchi ilikuwa fupi na sisi wote ni watu wa kushiba, kwa hivyo tulijuana haraka. Mhubiri alihubiri mpaka nikaona hata marehemu amechoka. Huyu mama akaanza kuimba polepole kwa mapua, wimbo wa kantri, zile za mzungu ameachwa na bibi na farasi na treni, zote siku moja. Nikamwambia kwa sikio, "Huyo angekuwa na ng'ombe wa kukama asubuhi hangepata nafasi ya kulia hivyo."

Akacheka. Kwa matanga. Mabega yake ilitetemeka mpaka watu wakafikiri analia sana, wakampa leso tatu. Nikajua, huyu ndiye.

Miezi mitatu tukaongea kwa simu. Mwisho akaniambia hivi: "Sikiza. Mimi nauza viazi sokoni karibu kila siku, sina wakati ya mchezo. Nitakupatia mchana moja. Jumamosi saa nane, tukutane kantri. Nikuangalie vizuri mchana, niamue. Gari yangu ya kurudi ni saa kumi na moja. Nikirudi bila kukuona, usinipigie tena."

Wakati huo nilikuwa nakama, simu nimeifinya hapa kwa shingo, ng'ombe analia, maziwa inagonga ndoo. Lakini kantri nilisikia vizuri sana. Na baa ya kantri kwa hiyo mji inajulikana, hata mtoto wa nasari anaweza kukuonyesha.

Jumamosi nilioga mpaka ng'ombe wangu hawakunitambua. Mmoja alikataa kukamwa, akaniangalia ati mimi ni mtu wa chanjo. Nikavaa suti yangu, ile ilinunuliwa nikiwa mwembamba, na kiatu niliipaka rangi mpaka kuku akaja kujiangalia ndani yake. Nikachukua jerikeni ya lita tatu, nikajaza maziwa ya asubuhi, nikafunga na gazeti. Mtu wa Tetu haendi kuona mwanamke na mkono mtupu, na maua kwetu ni chakula ya mbuzi.

Saa nane kasoro nikafika kwa mlango wa baa. Juu ya mlango wamechora kichwa ya ng'ombe kubwa kama nyumba. Chini yake amesimama baunsa, jitu kubwa, amevaa kofia pana, ile ungeweza kuogesha mtoto ndani na maji ibaki ya kuosha vyombo. Kwa kifua amebandika nyota ya bati. Nikaona hiyo bati ni ya mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa sababu herufi za gramu zilikuwa bado zinaonekana.

"Guka, unaenda wapi?"

Guka kwetu ni babu. Mtu ametoka nyumbani kutafuta bibi, na wa kwanza kumsalimia anamwita babu.

"Naingia," nikasema.

"Na hiyo kwa gazeti ni nini?"

"Maziwa."

Akafungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Vinywaji vya nje haviingii hapa."

"Hii si ya nje. Imetoka ndani ya ng'ombe."

Huyo mtu hakucheka. Nilimwangalia vizuri, nikaona uso wake haikutengenezwa na mahali ya kucheka. Akaninusa mimi sasa, kuanzia kwa kola.

"Guka, unanuka ng'ombe."

"Si nyinyi mmemchora hapo juu ya kichwa yako?"

"Hapa ni ranchi, mzee," akasema. "Hakuna mambo ya ng'ombe. Acha hiyo kitu hapa, uingie ukae vizuri, na nisisikie kelele."

Akaweka jerikeni yangu chini ya stuli yake. Nikaingia.

Ndani wamefunga magurudumu ya mkokoteni kwa ukuta, na pembe, na kamba, na saruji yote wameipaka rangi ionekane ni mbao. Muziki ilikuwa ya nguvu mpaka meno yangu ile imelegea ilianza kucheza peke yake. Watu wamevaa makofia, jinzi, na buti za kuchongoka mbele, vijana wa ofisi na wa duka, hakuna hata mmoja amewahi kushika matiti ya ng'ombe. Nikatafuta kiti karibu na mlango ndio huyo mama akiingia anione kabla hajaona kitu ingine. Nikakaa.

Weita akaja. Msichana wa miaka kama ishirini na kitu, buti mpaka kwa goti, anatafuna chingamu kama mbuzi ako kwa kesi.

"Hiyo meza ni ya watu wanne."

"Wanakuja?"

"Hiyo si shida yako. Songa."

"Mimi nangoja mtu, nataka anione."

"Atakuona tu. Kwa hiyo suti, hata ukikaa Nanyuki atakuona."

Meza ya pili ikacheka. Walikuwa vijana watatu na mwenye kofia nyeupe ndiye alikuwa mkubwa wao wa kelele. Akaniuliza, "Guka, farasi umefunga wapi?"

"Amekataa kuingia," nikamwambia. "Amekuona wewe."

Wenzake wakamcheka, na hapo nikapata adui wa siku mzima. Ndio ubaya ya mdomo yangu. Inafanya kazi kabla mimi sijaamka.

Weita alinipeleka nyuma kabisa, karibu na choo, mahali wameweka marobota ya nyasi kavu ndio watu wakalie. Ati urembo. Sasa hebu fikiria, mtu wa ng'ombe, kiangazi hiyo yote tumenunua nyasi tukilia, halafu unaona mtu ameketi kwa nyasi akinywa bia. Niliumwa na roho. Nikakaa, lakini mkono haikutulia. Nikavuta kidogo, nikanusa. Ilikuwa imeoza, na ukungu mweupe. Nikavuta ya katikati nione kama iko na nafuu.

"Guka, usikule kiti," weita akasema.

"Sikuli, nanusa. Hii imeoza. Ng'ombe akikula hii atafura tumbo mpaka apae."

"Hapa hakuna ng'ombe."

"Nimeambiwa kwa mlango."

"Unakunywa nini?"

"Niletee chai."

"Chai hakuna."

"Ranchi gani haina chai?"

"Guka, agiza ama utoke."

Nikaagiza soda, nikamwambia iwe ile haijawekwa kwa friji, kwa sababu hiyo siku Nyeri ilikuwa na baridi ile mbwa akibweka sauti inaganda hapo kwa mdomo inabidi aivunje. Akaniletea soda iko na barafu kwa shingo. Aliiweka chini kwa nguvu, povu ikapanda ikaingia kwa mkono ya suti. Halafu akasimama akaangalia vile nitafanya. Nikasema asante. Hiyo asante ilimuuma kuliko tusi.

Saa nane na nusu. Saa tisa. Kila mara mlango ikifunguka nainuka, naona ni kofia ingine. Naketi. Yule wa kofia nyeupe akaanza kuhesabu na sauti: "Guka amesimama mara tisa. Amesimama mara kumi." Watu wa meza zingine wakaanza kuinua chupa kila nikisimama. Mtu wa kuweka muziki, ako kwa kibanda yake kule juu, akaingilia: "Salamu kwa guka yetu hapo kwa chakula ya mifugo." Baa mzima ikageuka kuniangalia.

Kutoka ningeweza. Mlango haikuwa imefungwa. Lakini nikitoka tu, huyo mama anaingia, anaangalia, haoni mtu, anarudi Kianyaga, na simu yangu haitapokelewa tena mpaka dunia iishe. Nikakazana kwa hiyo nyasi kama kupe.

Halafu soda ikafanya kazi yake. Na hapa ndio makosa ilikuwa yangu, lakini si yangu peke yangu. Milango ya choo ni mbili. Hawakuandika wanaume ama wanawake, wamechora ng'ombe, ati dume kwa mlango wa wanaume na jike kwa wa wanawake. Sasa mchoraji, sijui alisomea wapi, yule wa kulia amempatia pembe ndefu na shingo nyembamba. Yule wa kushoto hana pembe, lakini shingo imejaa, bega imejaa, na uso ya hasira. Mtu wa mjini anaangalia pembe. Mtu wa ng'ombe haangalii pembe, hata jike anakuwa na pembe. Unaangalia shingo. Nikaangalia shingo, nikaingia kushoto.

Kelele ile ilitoka huko ndani, nafikiri walisikia Karatina. Kulikuwa na wanawake wawili wanajipaka rangi ya mdomo. Mmoja alinirushia mkoba, mwingine alinirushia sabuni ikiwa bado imefungwa kwa kamba, ikarudi ikamgonga yeye mwenyewe, na hiyo pia nikahesabiwa mimi.

Meneja akaja. Mtu mfupi, kofia yake ndio imemfanya mrefu. Akanishika kola.

"Mzee, unatafuta nini kwa choo ya wanawake?"

"Niliona ni dume."

"Dume iko na pembe. Huoni hiyo pembe?"

"Angalia shingo," nikamwambia. "Huyo wa kulia ni jike, tena anakaribia kuzaa. Nani alikuchorea?"

"Unanifunza ng'ombe kwa ranchi yangu?"

"Uko na ngapi?"

Hapo akageukia ile milango ya choo, kwa sababu wake wote ni wa rangi. Akaniambia, "Utatoka hapa. Tena sasa."

Sikuwa na mzaha tena. Nilimwambia ukweli, na kichwa chini. Kuna mama anakuja kuniona. Alisema nimngojee hapa hapa. Akipita bila kuniona, basi. Nipatie mpaka saa kumi na moja, nitakaa kama gunia.

Nikafikiri atasikia huruma. Akageukia watu na kuwaambia kwa sauti kubwa: "Mnasikia? Guka anangoja mpenzi."

Sitaki kusema vile walicheka. Yule wa kofia nyeupe akauliza kama mpenzi anakuja na mkongojo ama anakuja kwa ambulensi. Mwanamke mmoja wa ile choo akasema, "Amekuona kwa dirisha akarudi." Hiyo iliingia. Zile zingine zote zilikuwa zinateleza kwa suti, lakini hiyo iliingia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuifikiria. Saa ya ukuta ilikuwa inasema saa kumi.

Meneja alinirudisha kwa nyasi na kidole. "Kumi na moja," akasema. "Dakika moja zaidi, nakutoa na hiyo kiti yako."

Wakati naketi ndio nilikumbuka simu. Nilikuwa nimeiweka kwa mfuko wa ndani, chini ya koti, chini ya sweta mbili, na kwa hiyo kelele hata ingelipuka singesikia. Nikaitoa. Imezimika. Nikaenda kwa kaunta, yule mtu wa kaunta akaniambia chaja ni ya wateja.

"Mimi ni nani?"

"Wewe ni soda moja tangu saa nane."

Nikasimama hapo. Akapanguza kaunta mpaka akafika kwa mkono yangu, akapanguza na mkono. Sikusonga. Nikasema, "Weka tu dakika tano." Akaendelea kupanguza. Nikasema tena. Nilisema mara kama mia moja, na hapa siongezi, ama naongeza kidogo. Yule weita wa chingamu akachoka kunisikia, akaninyang'anya simu, akaichomeka.

"Ndio unyamaze," akasema.

Baada ya dakika chache simu ikaamka ikaanza kulia, ujumbe juu ya ujumbe. Nikajaribu kusoma. Mimi nasoma zile herufi kubwa za kibao, tena nikipewa wakati, lakini herufi za simu ni siafu wanahama. Hakukuwa na njia ingine. Nikampa yule msichana.

"Nisomee. Polepole, kwa sikio."

Aliangalia. Akatoa chingamu kwa mdomo, akaibandika kwa kaunta. Halafu akainua mkono kwa yule mtu wa muziki, na muziki ikazimwa. Siku yote nimetamani hiyo muziki izimwe, na ikazimwa wakati huo. Akasoma na sauti ya mwalimu wa zamu:

"'Nimefika. Niko hapa kaunti, kwa geti.' Hiyo ni ya saa nane kamili."

Miguu ilikimbia kabla yangu. Nilienda mpaka kwa geti, nikaangalia kushoto na kulia, nikaona baunsa peke yake. Nikarudi. "Hayuko."

"Ngoja, kuna ingine. 'Nimekupigia mara saba.' Kuna ingine. 'Kuna mhubiri amekataa kuniacha, ananiombea. Ikifika saa kumi na moja naenda. Kama ulikuwa unanicheza, Mungu amekuona.'"

Watu walikuwa wamesogea karibu, wanangoja zaidi.

"Lakini mimi niko hapa kantri," nikasema. "Nimekuwa hapa kantri."

Msichana aliniangalia vile mtu anaangalia ndama amezaliwa na miguu mitano. "Guka," akasema. "Ka-un-ti. Ofisi za kaunti. Hapa ni kan-tri."

Wewe uliyezaliwa pwani utasema hayo ni maneno mawili. Kuja huku kwetu mlimani uweke baridi kwa mdomo, uweke na ng'ombe analia hapo kwa sikio, halafu uniambie ni ngapi. Huyo mama alisema kaunti. Mimi nilikuwa nawaza ule wimbo wa matanga, nikasikia kantri.

Baa ilipasuka. Wengine waligonga meza, yule wa kofia nyeupe aliinama mpaka kofia ikaingia kwa supu. Mtu wa muziki akasema kwa spika, "Guka, gavana anakungoja." Nilinyakua simu. Saa ya ukuta ilikuwa kumi na dakika ishirini na tano.

Kwa mlango nikainama kuchukua jerikeni yangu, ikanijia nyepesi. Nikaangalia baunsa. Ako na kikombe ya chai, nyeupe, inatoa moshi, na pembeni yake wapishi wawili wako na zao. Hiyo baa haina chai.

"Tulionja tu," baunsa akasema. "Maziwa mazuri, guka."

"Hakuna shida," nikamwambia. "Huyo ng'ombe amedungwa dawa ya minyoo juzi, na daktari alisema maziwa yake tusikunywe siku saba. Lakini nyinyi ni watu wa ranchi, mnajua."

Alitema hapo kwa buti yake. Ng'ombe wangu alikuwa mzima kama chuma, hajaonja dawa tangu mwaka ingine. Lakini nilikimbia nikisikia wapishi wakimuuliza minyoo gani, na hiyo ndio furaha peke yake nilipata kwa hiyo ranchi.

Nyeri ni mji ya kupanda. Hata ukishuka unapanda. Nilikimbia na suti imenibana, mshono wa mgongo ukaachilia mahali karibu na soko, nikasikia upepo ikiingia. Nilipofika ofisi za kaunti zilikuwa zimefungwa, ni Jumamosi, hakuna mtu isipokuwa askari kwa kibanda, mhubiri na spika yake, na huyo mama katikati. Amevaa kitambaa ya kijani kwa kichwa, kikapu kwa mkono, amesimama wima. Mhubiri amenyoosha mkono juu yake, anaambia mapepo ya kuachwa yatoke.

Nikasimama mbele yake. Sikuwa na pumzi ya kusema.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Umetoka wapi?"

"Kantri."

"Kantri gani?"

"Ya muziki. Si ulisema tukutane kantri?"

Aliangalia ile suti, na soda kwa mkono, na nyasi kwa suruali. "Nilisema kaunti. Mwanamke wa rika yangu ataingia baa peke yake? Nilitaka tukutane hapa mbele ya watu, halafu wewe unipeleke huko kwa muziki, ukiwa mbele na mimi nyuma. Nimesimama hapa tangu saa nane kama nimekuja kuomba kazi."

Mhubiri akasema kwa spika, "Mama, huyu ndiye?"

"Wewe nyamaza," akamwambia. "Umeniombea mpaka umenitia njaa." Akanirudia mimi. "Na hiyo ni nini?"

"Maziwa. Nilikuletea."

Akaitikisa. "Umeniletea nusu?"

Nikamwambia vile ilienda. Nilitaka kuweka chumvi, si unanijua, lakini pumzi haikutosha, ikabidi niseme ukweli mtupu. Baunsa, soda, nyasi imeoza, choo, kofia nyeupe, meneja. Nikamwambia hata ile maneno ya dirisha. Hakucheka hata mahali nilifikiri atacheka. Alikuwa amekunja uso mpaka nikaogopa.

"Masaa mbili na nusu walikutukana," akasema, "na wewe umekaa?"

"Ningetoka ungekuja unikose."

"Mtu anatukanwa hivyo anakaa?"

"Nilikuwa najua ni mara moja tu umenipatia."

Askari wa kibanda akatoa kichwa. Alikuwa mzee mpole. "Huyu naye," akaniambia, akionyesha mama, "nimempa kiti mara tatu amekataa. Ati akikaa haoni barabara."

"Hakukuuliza," mama akasema, lakini aliangalia pembeni.

Tukaenda stendi tukitembea haraka, yeye mbele, mimi nyuma nikificha mgongo. Hatukusimama mpaka tukafika kwa gari ya Kianyaga. Ilikuwa imebaki na kiti moja. Akaweka kikapu ndani, akageuka.

"Wewe unaongeza mambo," akasema. "Kwa simu miezi mitatu umeongeza mambo. Sasa niambie moja, na usiongeze. Nikisema hapana, utaishi?"

Nilikuwa na majibu kama arubaini tayari. Ningesema nitakauka, ningesema nitajitupa kwa mto Chania. Alikuwa ananiangalia kwa macho, na uso yake bado ni ya vita.

"Nitaishi," nikasema. "Nimeishi miaka sita. Ni vile tu chakula ya jioni naikula nikiwa nimesimama, hapo kwa moto, kutoka kwa sufuria. Sijui kwa nini. Viti viko."

Kondakta akagonga bodi ya gari. Mama hakusonga. Aliangalia chini, akanitoa majani moja ya nyasi kwa suruali, akaitupa.

"Alhamisi siendi soko," akasema. "Kuja Kianyaga Alhamisi. Na usije peke yako, kuja na mtu wa kuongea na kaka yangu mkubwa. Mtu ako na akili, ako kimya. Wewe utakaa pembeni."

"Nikae pembeni?"

"Hata ukiulizwa jina, huyo mtu ajibu."

Akaingia, akachukua jerikeni akaiweka kwa magoti, mlango ukafungwa. Nilibaki hapo stendi na mgongo wazi, nikihesabu watu wote najua Tetu mzima, nikitafuta hata mmoja ako kimya.